Noti Niliyoiweka Juu ya Mashine Yako

Thuwaiba mwanangu,

Watu wakiandikiana barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: umelala chumba cha pili, mlango wazi, na unakoroma kama babaako, ingawa kila siku unakataa. Yangu nakwambia bila kuzunguka, maana ukiisoma barua hii utakuwa ushaniaga na mie sitakuwepo mbele yako kukukunjia uso. Nna wivu. Nna wivu na wewe, mtoto niliyekuzaa mwenyewe. Na wivu huu ndo uliofanya leo, baada ya magharibi, uliponishika mkono ukaubusu ukasema, "Mama, naomba radhi zako," nikakujibu, "Nenda kafunge begi, ndege haimngoji mtu."

Shangazi yako Muhaza alikuwa kakaa palepale kwenye kochi. Kaja kutoka huko huko kukuchukua, kwa hiyo siku hizi anajiona yeye ndo mwenye mtoto. Akaniangalia kwa yale macho ya kina babaako, akasema, "Zeyana, mtoto kaomba radhi." Nikamwambia, "Nimesikia, mie si kiziwi." Nikaingia jikoni, ati nakwenda kuangalia mkate wa kumimina usiungue. Mkate wenyewe nilikuwa nshautoa tangu alasiri, umepoa, umekatwa, umefungwa kwenye karatasi. Nilisimama mbele ya jiko la baridi mpaka nikasikia umeondoka ukumbini.

Basi nimekaa hapa na kalamu kwa sababu lile neno la radhi bado sijalitamka, na asubuhi unaondoka. Mambo ya baridi, makoti, nyama ya halali na kutochelewa kurudi, keshakwambia babaako mpaka nilimwonea huruma yeye kwa kuchoka. Siyarudii. Yangu ni mengine.

Unakumbuka siku ulipokuja na habari ya skuli yenyewe? Nilikuwa barazani nachambua mchele. Umetoka kuzungumza na shangazi yako kwa simu, umekuja mbio, kanga imekuteremka kichwani.

"Mama, huko kidato cha tano na cha sita kuna somo linaitwa teknolojia ya muziki."

"Ndo nini?"

"Kurikodi, kuchanganya sauti, kutunga kwa kompyuta. Na kuna mtihani wa kusikiliza."

"Mtihani wa nini?"

"Wa kusikiliza, mama. Unapigiwa wimbo, unaulizwa sauti hii imewekwa wapi, hii imefanywa nini, ngoma imerikodiwa mbali au karibu."

Nikacheka mpaka mchele ukamwagika. Nikasema Waingereza wamekosa kazi, ati mtu apewe cheti kwa kuwa na masikio! Na wewe ukacheka, ukaanza kuokota mchele. Ulidhani nimefurahi. Mie nilicheka kwa sababu nisingecheka ningekupiga na ungo. Baadaye niliingia chooni nikafungulia bomba lote, nikalia, na yale hayakuwa machozi ya furaha, usijidanganye.

Maana mie nilipokuwa na umri wako nilikuwa nshatolewa skuli, nimo kwenye kikundi cha taarabu, nimesimamishwa nyuma ya waimbaji wakubwa kuitikia. Hakuna aliyekaa na mie akanambia Zeyana, sauti yako iko hivi. Kwamba mtu akipanda juu arudi nyuma kidogo na maiki, niliijua kwa kufokewa mbele ya ukumbi mzima. Kwamba fidla mbili zikikaa upande mmoja na mwimbaji zinammeza, niliijua kwa kumezwa. Leo mtoto wangu anakwenda kuwekewa mwalimu, na chumba kilichozibwa kuta ili kelele za barabarani zisiingie, na mashine inayorudia sauti mara kwa mara mpaka uielewe. Miaka miwili, kazi yako kusikiliza! Lo! Nani alinipa mie miaka miwili ya kitu chochote?

Umeona? Nimeanza kukutolea hasira na hata ukurasa wa kwanza haujakwisha. Ngoja ninywe maji.

Nataka nikwambie namna nilivyoipoteza sauti. Unajua kwamba ilipasuka, lakini nyumba hii haikuwahi kukwambia kwa nini. Ulikuwa mdogo, unatambaa. Ilikuwa Idd, ukumbi umejaa, na mstari wa mbele kabisa kaketi yule mwimbaji wa kikundi cha pili na wapambe wake, wamekuja kunitazama nivurunde. Jina lake silitaji. Nimemtaja vya kutosha maisha yangu. Nyimbo zangu zote za miaka ile, ukiziangalia vizuri, zilikuwa zinamtaja yeye. Akinunua gauni mie nna ubeti. Akiachwa mie nna kiitikio. Na yeye vivyo hivyo. Ndo taarabu ya kurushana roho ilivyo, na watu walitupenda kwa hilo.

Basi katikati ya wimbo umeme ukakatika. Spika zikafa, taa zikafa, fidla moja ikabaki inalialia peke yake gizani. Babaako, ambaye ndo alikuwa fundi wetu wa mitambo, akaniita kutoka nyuma, "Zeyana, ngoja kidogo! Nawasha jenereta!" Na mie kweli nilikuwa nataka kungoja, wallahi. Lakini mstari wa mbele mtu akacheka, na sauti ya yule bibi ikasema taratibu, kwa raha zake, "Bila maiki huyu ni kuku."

Sikungoja. Niliimba wimbo wote kwa koo tupu, ukumbi ule mzima, watu wanapiga makofi na vigelegele juu yangu na mie napanda juu yao. Wanawake waliwasha tochi wakaja kunitunza, noti kwenye nywele, noti kwenye ushungi. Yule bibi akaondoka. Nilimshinda, Thuwaiba. Nilimshinda kweli kweli. Na jenereta ya babaako iliwaka nikiwa kwenye ubeti wa mwisho.

Asubuhi sikuwa na sauti. Ilirudi baada ya wiki nyingi za tangawizi na asali, lakini ilirudi na ufa, huko juu. Ni kama kikombe chenye ufa: chai inakaa, ila aliyekishika anajua. Nikawa nachagua nyimbo za chini, natupa ubeti wa juu kwa waitikiaji, najifanya nawapa nafasi watoto. Watu wakanisifu kwa ukarimu.

Na wewe ukawa unakua. Tena hukukua kwangu, ulikua chini dukani kwa babaako, baina ya redio zilizofunguliwa matumbo. Wivu wangu wa mwanzo na wewe ulianzia hapo, na hata haukuwa wa muziki. Nilikuwa nikishuka na kahawa nawakuta nyinyi wawili mmeinamia waya, mnazungumza lugha yenu, risasi ya kuchomea waya inanuka nyumba nzima, nami nikisema neno mnanambia, "Subiri mama," kwa pamoja. Kwa pamoja! Mtoto wa kike nimemzaa mmoja, nikasema huyu atasimama na mie jukwaani. Ukafungua mdomo kuimba, ukawa huna sauti hata ya kuuzia mchicha. Samahani, lakini ndo ukweli na wewe mwenyewe unaujua. Ulichokuwa nacho ni masikio. Unakumbuka ulivyokuwa unanambia, hujafika hata kiunoni kwangu, "Mama, ile spika ya kushoto inaumwa"? Babaako akiifungua, kweli inaumwa. Alikuwa akifurahi mpaka anakubeba juu. Mie nilikuwa nakwenda zangu jikoni.

Halafu zikaja zile harusi ambazo wenye shughuli hawataki mwanamme ukumbini hata wa kugusa waya. Babaako akawa hana la kufanya, kakutuma wewe. Mtoto wa skuli, buibui lako limekushinda urefu, umekaa nyuma ya miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, vidole juu ya vile vitufe vya kusukuma, na wanawake wazima wanakuja kukuomba, "Thuwe mwanangu, nizidishie kidogo." Mashangingi wa mji huu, wanakubembeleza wewe.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hujui.

Harusi ile ya Kikwajuni, iliyokuwa na ile keki ya ghorofa, niliimba wimbo wangu wa zamani, na nikafika juu. Nilifika! Nilisikia mwenyewe kwenye spika: sauti imenyooka, haina ufa, inaelea. Watu walisimama. "Zeyana, sauti imerudi!" Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nacheka peke yangu. Asubuhi yake nikateremka na kahawa, na kabla sijafika ngazi ya mwisho nikakusikia unamwambia babaako, "Nimeinyanyua sauti ya mama kidogo, nikatia mwangwi pale juu, basi ufa hausikiki kabisa." Babaako akasema, "Ahsante mwanangu. Usimwambie."

Nikarudi juu na kahawa yangu.

Mlifanya kwa mapenzi, mie si mjinga. Lakini hebu fikiri. Mtu kaipoteza sauti, kaililia, akaizoea hali yake na nyimbo zake za chini, halafu usiku mmoja inarudi, na asubuhi anaambiwa haikurudi, ni mtoto wake kakaa kwenye kiti na vidole vyake. Zile sifa zote zilikuwa zako. Nilizipokea mie, nikazitabasamia, na zilikuwa zako. Wiki ile ile nikawaambia watu wa kikundi kwamba nimeacha kuimba, umri umefika, na nyote mkaniamini. Wewe ukaniletea mto wa kuegemea mgongo. Kama bibi kizee!

Ndo maana nataka kukwambia jambo moja la kazi yako, na hili ndo moja tu kwenye barua nzima, mengine utafundishwa na wenye vyeti. Huko watakuja mbele yako watu wenye sauti mbovu, na wengine wenye sauti nzuri iliyoharibika, na wewe utakuwa na uwezo wa kuwatengeneza. Watengeneze, ni kazi. Lakini mwambie mtu. Mwambie, "Nimekunyanyua hapa, nimekuziba pale, bila hivyo uko hivi." Akikasirika na akasirike. Angalau atajua kipi ni chake kati ya anavyosifiwa. Mie ningekasirika siku tatu, nikakutukana, nikakununia, kisha ningekuja kukuomba unifanyie tena. Najijua.

Badala yake nilinyamaza, na wivu ukiukalia kimya unanona. Haya, tuje kwenye harusi ya kule mtaa wa Amani, maana tangu siku ile hatujaizungumza mie na wewe.

Nilikwenda kama mwalikwa, nimekaa na wenzangu, nimejipamba. Jukwaani yuko Mwanaidi, yule mtoto aliyechukua nafasi yangu kwenye kikundi, sauti yake nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Na nyuma ya miksa, wewe. Nikawa nasikiliza unavyomfanya. Uzi ule uliusuka ukawa kamba. Ukampa kina, ukampa mwangwi, ukazishusha ngoma kila akivuta pumzi. Hakuna mtu ukumbini aliyejua ila mie, kwa sababu na mie nshafanyiwa. Nikasema moyoni, basi hivi ndo nilivyokuwa. Niliondoka kwenye kiti changu, wewe ukamkalisha mwengine, na kinakaa vile vile.

Mwanaidi akafika kwenye ubeti ule:

Nilompa ngazi yangu, kafika kaisukuma.

Unajua desturi yetu kuliko mtu yeyote. Mwanamke akinyanyuka kwenda kutunza, anachagua mstari wake, na akishauchagua, ule mstari ni maneno yake, na kila mtu anaangalia macho yake yanamtazama nani. Anayetazamwa ndo adui yake. Nilinyanyuka. Nikatoa noti kwenye kanga, nikaenda nacheza taratibu katikati ya ukumbi, watu wananipigia vigelegele, "Haya, Zeyana! Haya!" Wanadhani nakwenda kwa Mwanaidi. Nikampita Mwanaidi. Nikaja mpaka kwako, nikaipitisha noti juu ya kichwa chako mara moja, nikaiweka juu ya mashine, mbele ya vidole vyako, nikakutazama.

Ukumbi wote ukasema, "Aaah!"

Na Mwanaidi maskini, kwa kuwa mstari ukitunzwa hurudiwa, akaurudia. Nilompa ngazi yangu. Akaurudia tena. Mie nimesimama nimekutazama, na mwanangu umenitazama. Vidole vyako viko juu ya vitufe. Ungeweza kuushusha ule mstari. Ungeweza kuuzima kabisa ukasema waya umeleta matatizo, nani angejua? Au ungenyanyuka ukanitunza mstari unaofuata, ukanijibu mbele ya watu, na ungekuwa na haki. Nilikuwa nangoja unijibu. Naona nilikuwa nataka unijibu. Wewe uliinamisha kichwa, ukasukuma kitufe kimoja kidogo, na sauti ya Mwanaidi ikawa safi zaidi, kila neno likasikika mpaka mlangoni. Mstari wa kukutukana wewe, ukaupigia pasi.

Tulipofika nyumbani nilikushika mkono kwenye ngazi. Nilikuuliza, "Kwa nini hukunijibu?"

Ukasema, "Nilikuwa kazini, mama."

Ukapanda juu kulala. Khaa! Mtu wa miaka kumi na saba. Maneno yale yamenikaa hapa kifuani mpaka leo, kwa sababu mie, katika miaka yangu yote ya jukwaa, sikuwahi kuwa kazini. Nilikuwa vitani. Umeme ulipokatika, ningekuwa kazini ningengojea jenereta.

Ikafuata ile rikodi waliyoitaka huko ili wakupokee. Mwezi mzima hatujasemezana vizuri, ukaja jikoni na maiki yako, nakuna nazi, ukasimama mlangoni. "Mama, naomba nirikodi unavyokuna, na unavyoimbaimba." Nikakwambia mie siimbi, nimeacha. Ukasema, "Unaimba kila siku, hujisikii tu." Nikakuacha. Na nilikuna kwa hasira, nadhani inasikika. Ulipomaliza kuitengeneza ukaniletea hedifoni, ukanivalisha mwenyewe masikioni, na nikasikia mbuzi ya nazi inakwaruza, inakwaruza, mpaka imekuwa ngoma, halafu juu yake mie. Nikafika pale juu. Na ufa umo. Wote umo, umeuacha, tena umeuweka mbele.

Nikakuuliza, "Hukutia mwangwi?"

"La, mama. Ndo ilivyo."

Sijui kama ulijua kwamba nilikusikia ile asubuhi ya kahawa. Sijui kama lile ndo lilikuwa jibu lako la harusi ya Amani, umelichelewesha mpaka ulipotoka kazini. Nilivua hedifoni nikasema, "Sauti ya nazi imezidi." Ndo yote niliyosema. Na walipokuandikia kwamba wamekukubali, wakauliza yule mwanamke anayeimba ni nani, wewe ulikuja mbio kunambia, umefurahi kwa ajili yangu, na mie nikakujibu nini? Nikakujibu, "Wameniuliza sasa, nshakuwa mkunaji nazi." Unaona mdomo wangu? Mtoto kanipeleka Uingereza kabla hajakwenda mwenyewe, na mie bado natafuta pa kumchoma.

Basi leo alasiri. Ulipokwenda kuwaaga wenzako niliingia chumbani kwako kuzikunja nguo zako upya, kwa sababu shangazi yako kazikunja kama anafunga mzigo wa forodhani. Nikaliinua sanduku la hedifoni, kikafunguka kifuniko, na ndani yake, chini, imekunjwa vizuri, kuna noti. Nikaijua. Ina doa la hina pembeni, hina yangu ya siku ile, haijakauka sawasawa nikaishika. Hukuitumia. Hukunirudishia, hukumpa babaako, hukuitoa sadaka. Unakwenda nayo.

Nilikaa kitandani kwako nayo mkononi. Mwanzo niliona vibaya, nikasema mtoto huyu kaniwekea kinyongo, anakwenda nacho ng'ambo. Kisha nikafikiri, labda anaona ndo tunzo la kwanza alilowahi kupewa na mama yake. Na ni kweli. Angalia maisha yako yote nyuma ya ile miksa, wanatunzwa waimbaji, wanatunzwa wapiga fidla, wewe hakuna aliyewahi kukuletea noti. Mie peke yangu nilikuletea, na nilikuletea ili nikuumize.

Sikukuuliza ni lipi kati ya mawili. Niliogopa.

Sasa nakwambia nitakachofanya. Noti ile nimeichukua. Usiitafute kwenye sanduku, haimo. Haiwezi kusafiri na wewe ikiwa na mstari ule. Kesho uwanja wa ndege watakuja jamaa wote, wa Kikwajuni, wa Amani, na wale wale wanawake waliosema "Aaah", maana nimewaalika mwenyewe. Kabla hujaingia ndani, nataka niimbe mstari mmoja. Mie mwenyewe, kwa koo hili, bila maiki, na ufa wake. Nimeutunga leo hii mbele ya jiko la baridi: Ngazi yangu nimempa, apande nami natazama. Halafu nije kwako nacheza, niipitishe noti juu ya kichwa chako, nikutazame, na watu wote waone macho yangu yanakutazama vipi.

Nikishindwa je? Naweza kushindwa. Najijua, na shangazi yako atakuwa kakushika mkono, na wivu unaweza kunipanda pale pale nikasema tu, "Haya, mtachelewa." Kwa hiyo barua hii nitaifunga asubuhi, baada ya kuagana, nimpe babaako akutilie mkononi kupitia kwa askari wa mlangoni anayejuana naye. Ikiwa umekuta noti ndani ya bahasha, basi jua mama yako kashindwa, mstari ndo huo nshakuandikia, ujiimbie mwenyewe kwa sauti yako ya mchicha. Ikiwa ndani hamna ila barua, basi niliimba, na noti unayo mkononi.

Wivu haujakwisha, usije ukadhani nimekuwa malaika. Nitakuwa na wivu ukinipigia simu kunambia umekaa mbele ya mashine kubwa kuliko kochi letu. Nitakuwa na wivu na mwalimu wako, na shangazi yako atakayesikia kazi zako kabla yangu. Nitumie hata hivyo. Zote. Na usizinyanyue kwa ajili yangu.

Radhi zangu unazo, Thuwaiba. Nimekuridhia duniani na akhera, kwa ulichofanya na utakachofanya, ikiwa bahasha ina noti au haina. Mwenyezi Mungu ni shahidi yangu, na kalamu hii.

Na ile noti, ukishaipokea, usinambie ahsante. Anayetunzwa hasimami kushukuru. Wewe endelea na kazi.

Mama yako,
Zeyana